Mlango wa Darasa la Kwanza B

"Wewe fagia."

Maneno hayo mawili niliambiwa kwenye baraza ya shule, nikiwa na ufagio mkononi, mwaka ambao binti wa mdogo wangu alikuwa na miaka saba. Leo binti huyo ana mvi mbili tatu mbele ya kichwa, na mimi maneno yale ninayo vilevile, hayajachuja rangi. Watu wananiambia, bibi, samehe, umri umekwenda. Ni kweli umekwenda, magoti yangu ndiyo mashahidi. Lakini kilichokwenda ni umri. Hayo mengine yapo palepale.

Aliyeyasema alikuwa Mkuu wa shule. Sisi wafanyakazi wa chini tulimwita Sikio, na nitaeleza kwa nini. Na aliyedhulumiwa si mimi. Mimi nilikuwa mfagiaji, kumwambia mfagiaji afagie si dhambi. Aliyedhulumiwa ni mdogo wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, hatua nne kutoka pale tuliposimama.

Huyo mdogo wangu nilimlea kwa mgongo huu. Mama yetu alipomzaa aliugua, mtu wa kubeba mtoto akakosekana, nikatolewa shule darasa la pili. Nilikuwa nimefika kwenye herufi kubwa. Hizo mpaka leo nazijua. Ndogo zinanichanganya, zinafanana kama watoto wa nyumba moja. Nilimbeba mpaka akajua kutembea, naye akatembea moja kwa moja mpaka chuo cha ualimu. Siku aliporudi na cheti alinionyesha kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamwambia, "Kizuri. Kina muhuri. Sasa nenda kachote maji." Akacheka, akaenda akachota.

Akaolewa, akapata binti mmoja mwenye kidoti cheusi shavuni, basi tukamwita Kidoti. Mtoto alipofika miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki tano. Alitoka mzima, ila masikio yalibaki hospitali. Ukimwita hageuki. Ukiangusha sufuria nyuma yake hashtuki. Baba yake alikaa mwezi mzima kanuna, kisha akasema anakwenda kumtafuta daktari mkubwa. Bado anatafuta.

Tukabaki watatu kwenye vyumba viwili, mimi na mdogo wangu na mtoto. Mdogo wangu hakulia, au alilia mahali ambapo sikuwepo. Alianza kuzungumza na mtoto kwa mikono. Hakufundishwa na mtu, alibuni mwenyewe pale jikoni. Kiganja kifuani ni mama. Vidole vikitiririka kutoka kidevuni ni maji. Kiganja kikishuka mpaka usawa wa goti ni mtoto. Mimi mama mkubwa nikapewa alama ya kufagia, na hapo nilinuna siku mbili, maana nilitarajia kitu cha heshima zaidi. Midomo nayo aliisogeza polepole, bila sauti, ili mtoto aisome. Na ukitaka Kidoti akutazame, unapiga mguu chini mara mbili. Sakafu inamwambia.

Umri wa shule ulipofika, kila shule ya karibu ilisema haina mahali. Mdogo wangu akasema, mahali ninapo mimi. Akamkalisha darasani kwake, dawati la mbele.

Darasa lenyewe lilikuwa na watoto themanini na wanne, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Yeye aliingia kabla ya kengele. Alikuwa na uzi aliouchovya kwenye vumbi la chaki. Anashika ncha moja, mimi naacha ufagio nashika ncha ya pili, anauvuta katikati anauachia, pa, mstari umenyooka ubaoni. Mistari kumi na miwili kila asubuhi. Nikamwambia watoto hawa wataufuta kwa mabega kabla ya saa nne. Akasema, "Wafute tu, dada. Lakini siwezi kumgombeza mtu kwa mstari uliopinda na wa kwangu umelala." Jioni alisahihisha madaftari huku anapika, mwiko mkono mmoja, kalamu nyekundu mkono wa pili, na Kidoti kambana magotini. Kuna madaftari yalirudi shule yananuka kitunguu. Mzazi mmoja alikuja kulalamika. Nikamwambia anuse tena vizuri, hiyo ndiyo harufu ya kazi.

Sasa, saa ya kwanza ya kila siku ilikuwa saa ya mikono. Hakuna aliyetoa sauti, mwalimu wala mtoto. Anapiga mguu mara mbili, darasa zima linasimama, macho mbele, na somo linakwenda kwa mikono na midomo na chaki.

"Kwa nini unawanyima watoto wa watu sauti zao?" nilimuuliza.

"Siwanyimi, dada. Wakitoka mapumziko wanasoma kwa sauti mpaka paa linatikisika. Ni saa moja tu, Kidoti awe sawa na wenzake."

"Na wazazi?"

"Wazazi wanataka mtoto ajue kusoma. Na watoto wanajua."

Na kweli walijua. Watoto wa Kwanza B ndio waliokuwa wanawasomea baba zao barua.

Mkuu naye alikuwa na namna yake ya kukagua, na ndiyo sababu ya lile jina. Haingii darasani. Anatembea barazani, mikono nyuma, anasikiliza. Madirisha ya upande ule yalikuwa yamezibwa kwa mbao tangu vioo vilipovunjika, kwa hiyo kuona haoni, na wala hakutaka. Darasa likipiga kelele a-e-i-o-u, anatikisa kichwa, anapita. Kwake yeye kufundisha ni kelele. Walimu wengine walishamjulia. Wanamsimamisha mtoto mmoja mbele aongoze wenzake kuimba, wao wanakaa nyuma wanafuma vitambaa. Kelele ipo, Mkuu kafurahi. Habari ya saa ya mikono alielezwa, tena mapema. Nilikuwa nafuta vumbi ofisini kwake siku hiyo, nikamsikia akisema, "Sawa, mwalimu, mradi wafaulu."

Mkaguzi alikuja bila taarifa, saa ya kwanza. Akaanzia vyooni. Alipotoka huko uso ulikuwa umeshavimba, na vyoo vilikuwa jukumu la Mkuu. Wakaja barazani, Mkuu anatembea nyuma yake kama mtu anayepelekwa. Madarasa yote yanaimba. Wakafika Kwanza B.

"Hapa pana nani?"

"Kwanza B," Mkuu akasema.

"Mbona kimya? Mwalimu wao yuko wapi?"

Mkuu akalamba midomo. Najua alichofikiri. Kueleza ni habari ndefu, mkaguzi kashakasirika, na akielezwa huenda akauliza nani aliruhusu. Nikaona nimsaidie.

"Mwalimu yumo, bwana," nikasema. "Wanafundishwa. Sukuma mlango uone."

"Wewe fagia," Mkuu akaniambia. Kisha akamgeukia mkaguzi. "Labda ametoka kidogo."

Wakapita. Kitasa kilikuwa usawa wa kiwiko cha Mkuu. Hakukigusa.

Wiki iliyofuata karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Nilifagia chini yake siku tatu. Niliona herufi kubwa pale juu, nikaona muhuri, nikadhani ni mambo ya kikao. Mdogo wangu akawa anapita pale kainamisha kichwa, nikadhani ni kichwa kinamuuma. Siku ya nne akaja mtoto wa kike wa Kwanza B, meno ya mbele yote yametoka, tulimwita Mapengo. Akasimama chini ya karatasi, akaisoma kwa kidole hewani.

"Da-ra-sa la Kwa-nza B ha-li-ku-wa na mwa-li-mu. Ha-ku-na ma-fu-ndi-sho ya-li-yo-fa-nyi-ka." Akanigeukia. "Mama, mbona wanasema mwalimu hakuwepo? Alikuwepo. Hata mimi nilikuwepo."

Ndivyo nilivyojua kuwa ni ripoti ya mkaguzi. Karatasi inasema watoto hawa hawafundishwi, na aliyenisomea ni mmoja wao, ana miaka saba, hana meno.

Nikaenda na ufagio wangu mpaka nyumbani kumsubiri mdogo wangu. Alipofika nikamwambia, twende kwa Mkuu sasa hivi. Akavua viatu, akakaa.

"Nimeshatoka huko, dada. Ananihamishia stoo. Nitagawa chaki na madaftari."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

"Sawa ya nini? Una wazimu?"

"Amesema nikinyamaza, Kidoti abaki shuleni. Nikilalamika, mtoto hana mahali." Akasugua miguu yake. "Angekuwa wako, ungesema nini?"

Nikampashia maji ya kuoga.

Mwalimu mpya wa Kwanza B alikuwa mtu wa kuongea huku kauelekea ubao. Kidoti alitazama mgongo wake wiki tatu, akitafuta mdomo. Halafu asubuhi moja alichukua mfuko wake mwenyewe, akatoka darasani, akaenda stoo kwa mama yake. Hakuna aliyemrudisha. Akasomea humo miaka yote, juu ya kasha la chaki, kati ya vitabu vilivyoliwa na panya na mipira isiyo na upepo.

Lakini mdogo wangu hakuwa mtu wa kukaa bure. Stoo ilikuwa na kidirisha, na kila darasa lilimtuma mtoto kuchukua chaki. Waliokuwa wa Kwanza B wakifika na kusema "shikamoo mwalimu, naomba chaki," anawatazama tu. Anajifanya hasikii. Mpaka waombe kwa mikono. Alama za mkono zikiwa ovyo anawapiga kofi dogo vidoleni, warudie. Wakawa wanapokezana kutumwa, wengine wakiivunja chaki makusudi ili warudi. Kila darasa walilopanda, mpaka wanamaliza la saba. Kwa hiyo darasa lake halikufa. Lilihamia dirishani.

Na kila mwaka shule ikifungwa, alikwenda ofisini kwa ombi lilelile. "Mkuu, kile kitabu cha ripoti za wakaguzi. Ongeza mstari mmoja tu, kwamba darasa lilikuwa na mwalimu."

"Tutaangalia, mwalimu."

Kuangalia. Mtu wa masikio, macho atayatoa wapi? Alihamishwa baadaye kwa cheo, akaondoka hajaangalia.

Kidoti akawa fundi cherehani. Ana chumba chake barabarani, mashine mbili, na sare za shule anazishona yeye. Mtoto akipelekwa kupimwa lazima aseme kwa mikono kama anataka kaptula ya kubana au ya kupwaya, la sivyo Kidoti hainui macho. Huyo ni mama yake mtupu. Alipoanza kujitegemea nilimwambia mdogo wangu, sasa hawana cha kukunyang'anya. Nenda huko juu, ukaseme.

"Nimechoka, dada," akasema.

Si kwamba alisema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema maji yamekwisha. Hilo liliniuma kuliko karatasi.

Mapafu yake yalijaa. Daktari alisema sababu ni nyingi, mimi nasema ni ile chaki. Kwenye wodi muuguzi wa zamu alikuwa Mapengo, sasa mama wa watoto watatu na meno kamili. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha kabisa, wauguzi wengine wakawa wanamwinamia wanapiga kelele, "Unataka nini, mama?" Mapengo anakuja, anatazama mikono yake, anampa maji, anamgeuza upande. Wenzake wakadhani ni uchawi.

Siku moja kabla hajafa, mchana, alinigeukia akafungua viganja viwili kama kitabu, akainua nyusi. Nikajua anauliza kile kitabu cha wakaguzi.

"Tutaangalia," nikamwambia.

Likanitoka hivyohivyo, neno la Mkuu, kutoka mdomoni mwangu. Akafumba macho. Hilo nalo sijalisamehe, na wa kulisamehe ni mimi mwenyewe.

Kamati ya mazishi ikapanga kwamba wasifu wa marehemu usomwe na mkuu wake wa zamani. Amestaafu, anatembea kwa fimbo, ana shingo ya kuku. Nikasema huyo hatakanyaga hapa. Kidoti akapiga mguu mara mbili, nikamtazama.

Mwache aje, akasema kwa mikono. Nataka kumwona mdomo.

Uani palikuwa na viti vya kukodi na watu wengi. Kidoti akakaa mbele kabisa, kama zamani. Mkuu akavaa miwani, akafungua karatasi yake, akaanza. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa mtoto mmoja. Alikuwa mchapakazi. Nikawa natazama miguu yangu, imevimba, viatu vya msiba vinabana.

"Baadaye," Mkuu akasoma, "kwa sababu za kiafya, marehemu aliomba kuhamishiwa stoo—"

Kidoti akasimama. Hakutoa sauti. Akageuka akatazama watu, akapiga mguu mara mbili kwenye saruji ya ua.

Na hapo nikaona kitu. Muuguzi akasimama. Fundi bomba mmoja mwenye tumbo, aliyekuwa ameegemea ukuta, akanyooka, macho mbele. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama. Huku mmoja, kule wawili, walivyokuwa wametawanyika. Hata hawakufikiri, ni miguu yao iliyofikiri. Nilihesabu kumi na saba. Waliobaki wengine wamekufa, wengine wako mbali, wengine hawana adabu.

Kidoti akainua mikono, akaanza somo la kwanza. Mama anakuja. Mama ana maji. Maji ni ya mtoto. Nao wakafuata, mikono kumi na saba mara mbili, kimya, midomo inakwenda. Fundi bomba alikosea maji, akayaanzisha kwenye paji la uso. Kidoti akamwendea, akampiga vidoleni. Akarudia kutoka kidevuni. Watu wazima pale uani hawakujua wacheke au walie, wakafanya yote.

Mkuu alisimama na karatasi yake. Akaniinamia, maana nilikuwa karibu.

"Mama, wanafanya nini?"

Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini na zaidi. Nimeyanoa nikifagia, nimeyanoa nikifua. Nilipoyatafuta nikakuta nimechoka, limebaki moja.

"Mkuu," nikasema, "leo hakuna mlango. Tazama."

Akatazama. Sijui kama aliwahi kutazama kitu namna hiyo maishani. Walipomaliza walibaki wamesimama, wakimsubiri mwalimu awaambie wakae. Mkuu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaomba kalamu. Akaigeuza ile karatasi ya wasifu, akaiweka juu ya meza yenye picha ya mdogo wangu, akaandika. Kisha akatia sahihi, kama ilivyo tabia yao. Hakumpa mwenyekiti wa kamati. Akamwendea Kidoti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, watu wote wakisikia, "Mama, uliniambia."

"Nilikwambia," nikasema.

Alingoja kidogo. Nadhani alikuwa akingoja jingine. Akachukua fimbo yake, akarudi kukaa.

Kidoti aliisoma, akampa Mapengo, akamwonyesha alama ya kufagia. Mapengo akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akaifuata kwa kidole kama siku ile, ila sasa hakukata maneno.

"'Darasa la Kwanza B lilikuwa na mwalimu. Mimi ndiye sikufungua mlango.' Na sahihi yake, mama. Na tarehe."

"Soma tena."

Akasoma tena.

Tulimzika mchana huohuo. Tuliporudi, watu wakiwa bado wanakusanya viti, nilimtuma Kidoti nyundo na msumari. Nikaigongomea ile karatasi ukutani sebuleni, maandishi yake mbele, wasifu nyuma, juu kidogo ambapo mtoto hafiki. Sebule ilikuwa imejaa mchanga wa viatu vya watu. Mapengo akaniambia, "Mama, pumzika, tutafagia sisi."

Nikamwambia aniletee ufagio. Nikaanzia hapo chini ya karatasi.